Aishi Mama Aliyekuzaa

Kaka yangu Melchor hakuwahi kukatisha wimbo katikati.

Aliimba siku umeme ulipokatika Jerez nzima. Aliimba siku jino lilipomvimbisha shavu likawa kama andazi. Kuna harusi moja jukwaa lilivunjika, mpiga gitaa akaenda chini na kiti chake, Melchor akamalizia beti akiwa ameshikilia nguzo.

Lakini Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, mjini Córdoba, mbele ya watu kama mia hivi, alinyamaza katikati ya neno.

Aliyemnyamazisha ni mimi. Na nilimnyamazisha kwa kumsifia.

Najua unasema, huyu naye anaanza fiksi zake. Kaa utulie. Nikimaliza utaniambia kama mtu anaweza kutunga aibu ya namna hii.

Naitwa Isidro. Sisi ni Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, wa mji wa Jerez, mtaa wa Santiago. Mtaani kwetu ukikosea kupiga makofi ya mdundo kwenye sherehe, shangazi yako mwenyewe anakuambia uweke mikono mfukoni.

Mama yetu aliitwa Encarna. Kwetu mwimbaji mara nyingi anajulikana kwa jina la mama yake, kwa hiyo kaka yangu kwenye mabango yote ni "Melchor wa Encarna". Yeye sauti, mimi gitaa. Tulikuwa hivyo tangu tukiwa wadogo.

Mpaka baba alipofariki.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana bila hili hutaelewa kitu.

Kwetu msiba si mchezo. Akifa mzazi, nguo ni nyeusi kuanzia kola mpaka kiatu. Televisheni inafunikwa kitambaa. Redio inaingia kabatini. Hata bafuni huruhusiwi kuimbaimba. Na kama wewe ni mwimbaji, mwaka mzima huimbi. Aje anayekuja, apige magoti anayepiga, huimbi.

Melchor ndiye alikuwa kiboko ya hayo mambo. Kwa baba alikaa miezi kumi na minane kimya. Watu wa matamasha walikuja mpaka mlangoni wakarudi walivyokuja.

Mimi nilishindwa mwezi wa nne.

Kuna ukumbi mmoja Sevilla niliuota tangu nina miaka kumi. Mpiga gitaa wao aliumia mkono, wakanitafuta mimi. Siku mbili tu. Nikavaa nyeusi tupu, nikajiambia mradi nimevaa nyeusi sijavunja msiba. Nikajiambia Sevilla ni mbali, nani atajua.

Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Niliporudi nyumbani habari ilikuwa imeshanitangulia. Melchor alikuwa amekaa mezani na gitaa langu mapajani, anakata nyuzi kwa koleo. Moja baada ya nyingine, zote sita. Hakuniangalia.

Mama alikuwa jikoni, amenipa mgongo.

"Walipokushangilia ulifurahi?" akaniuliza.

"Mama, sikiliza, mimi nili..."

"Sijakuuliza hadithi. Walipokushangilia, Isidro, ulifurahi?"

Nikatazama viatu vyangu. Kwa sababu nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikalia.

"Basi nenda kakae huko wanakokushangilia," mama akasema. "Hapa tuna msiba."

Nikatoka. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na kiburi cha watu wanne.

Mwezi wa kwanza nilipiga simu mara mbili. Zote mbili alipokea Melchor. Mara ya kwanza alikata. Mara ya pili akasema, "Ndugu, umekosea namba," kwa sauti ya upole kabisa, kama anaongea na mgeni. Ile iliniuma kuliko tusi.

Sikupiga tena. Nikahamia Zaragoza, nikajifunza kuendesha lori. Gitaa sikulishika tena.

Miaka kumi na moja.

Katika miaka yote hiyo nilitaka kitu kimoja tu. Mama aniite. Si Melchor, si mtaa, si mtu mwingine. Mama anyanyue simu aseme, "Isidro, rudi nyumbani." Nilijiapiza kwamba hapo hapo nageuza lori, hata kama limejaa samaki. Lakini aanze yeye. Yeye ndiye aliyenifukuza.

Ndivyo nilivyokuwa nawaza. Nicheke kama unataka.

Sasa mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa kumi, simu ikaita niko barabarani. Namba siijui, ila tarakimu za mwanzo ni za kwetu Jerez.

Nikapunguza mwendo wa lori.

Sikupokea.

Ikaita tena jioni. Kesho yake ikaita mara mbili. Keshokutwa mara mbili tena. Jumla sita. Kila ikiita naitazama tu mpaka inyamaze.

Nilijua ni Melchor. Nani mwingine? Na Melchor akinipigia baada ya miaka kumi na moja ni moja kati ya mawili. Ama amenikumbuka kwa hasira anataka kunimalizia matusi yaliyobaki, ama kuna habari mbaya. Yote mawili sikuwa na kifua cha kuyabeba.

Baada ya ile ya sita, nikaizuia namba isiweze kunipata tena.

Ndiyo. Niliizuia. Endelea kusoma.

Wiki zilizofuata nililala vibaya sana. Nakula chakula hakina ladha. Najiambia kesho nitaifungua, kesho nitapiga. Kesho ikawa haifiki.

Ndipo nikapewa safari ya Córdoba kupeleka vigae. Nikafika Jumamosi, mzigo unapokelewa Jumatatu, Jumapili yote sina kazi. Asubuhi nikaenda kunywa kahawa kwenye kibanda karibu na maegesho.

Mlangoni pale kuna bango.

MELCHOR WA ENCARNA. Leo, saa saba na nusu mchana. Chini yake jina la penya moja ya pale mjini. Penya ni klabu ya wapenzi wa muziki wetu wa flamenko, watu wanakaa na divai yao na hawataki upuuzi.

Nililisoma lile bango mara tatu. Halafu nikacheka kwa sauti, mwenye kibanda akanitazama.

"Vipi, umeshinda bahati nasibu?" akaniuliza.

"Zaidi ya hapo, bwana. Niongezee mkate na mafuta ya zeituni. Na nyanya. Na kahawa nyingine."

Unaelewa kwa nini nilicheka?

Melchor anaimba! Na kama Melchor anaimba, basi kwetu hakuna aliyekufa. Ni hesabu rahisi hata mtoto anaijua. Mtu aliyekaa miezi kumi na minane kimya kwa ajili ya baba, mtu aliyekata nyuzi za gitaa langu, huyo hawezi kufungua mdomo jukwaani kama nyumbani kuna msiba. Kwa hiyo mama mzima. Zile simu sita zilikuwa matusi tu.

Sijawahi kufurahia kutukanwa kama siku ile.

Nikala mkate wote. Na pale pale mezani nikakata shauri. Nitaenda. Nitakaa nyuma kabisa. Akimaliza nitamfuata nimwambie, "Nitukane unavyotaka, nipige makofi, lakini nipeleke kwa mama." Nisingesubiri tena kuitwa. Mwanaume wa miaka thelathini na minane analala kwenye lori akisubiri kuitwa na mama yake, jamani, hiyo nini?

Saa saba nilikuwa nimeshafika.

Ukumbi wa kawaida tu, meza ndogondogo, jukwaa la mbao lisilofika goti, madirisha makubwa yenye jua la mchana. Nikapata kiti cha nyuma karibu na mama mmoja wa makamo, mnene, mcheshi, amevaa hereni kubwa. Akajitambulisha anaitwa Visitación ila nimwite Visi.

"Wewe ni Mgitano," akaniambia kabla sijakaa vizuri.

"Nimeandikwa usoni?"

"Umeandikwa vidoleni. Unagonga meza kama inakudai." Akanisogezea sahani ya zeituni. "Kula. Ila leo uko peke yako, maana ndugu zako wamesusa."

Ni kweli. Nilitazama huku na huku, sikuona Mgitano hata mmoja. Kwa onyesho la Melchor, hilo si jambo la kawaida. Kwa kawaida meza za mbele zote ni zetu.

"Wamesusa nini?"

"Hujui? Wewe umetokea sayari gani? Si kwa sababu huyu bwana..."

Gitaa likaanza. Visi akaweka kidole mdomoni. Penya ni penya, gitaa likilia hata umbea unasubiri.

Melchor akatoka.

Nywele zimeota mvi pembeni. Amekonda. Lakini amevaa shati jeupe, jeupe pe pe pe, limepigwa pasi. Kama nilikuwa na chembe ya wasiwasi, lile shati liliimaliza. Mfiwa wa kwetu havai jeupe.

Asante Mungu, nikasema moyoni. Mama ndiye amelipiga pasi hilo.

Akaimba nyimbo mbili za kuchangamsha. Aliimba vizuri, lakini kwa umbali, kama mtu anayefanya kazi ya zamu. Macho yake yalikuwa yanazunguka ukumbini, meza hadi meza. Nikajiinamia nyuma ya hereni za Visi. Sikutaka anione kabla ya wakati.

"Anatafuta nini huyu?" Visi akanong'ona. "Macho kama mkaguzi wa treni."

Halafu akavuta kiti, akafunga macho, akamwambia mpiga gitaa neno moja. Siguiriya.

Siguiriya ndiyo aina yetu ya nyimbo za majonzi. Haina densi, haina utani. Na ndani yake kila siku kuna mama, kuna kitanda cha hospitali, kuna kengele za kanisa. Tumezikuta hivyo. Mtu anaweza kuimba mama yake kafa huku mama yake yuko mstari wa kwanza anakula karanga. Mama yetu mwenyewe alikuwa anakaa mstari wa kwanza.

Kwa hiyo Melchor alipoimba mama, mimi sikushtuka hata kidogo.

Akaanza taratibu, kwa sauti ya chini:

"Nimebisha hodi kwetu,
jirani kanifungulia,
kasema mwenye nyumba kahama,
viatu kaviacha."

Beti hilo sikuwa nalijua. Nikajua kalitunga yeye.

Alipofika "viatu" sauti ikapasuka, na humo kwenye mpasuko akapanda nayo juu, juu, akaishikilia pale ambapo binadamu hatakiwi kufika. Mwili wangu wote ulisimama vinyweleo. Miaka kumi na moja sijasikia sauti ya nyumbani. Nilisahau kujificha. Nilisahau ugomvi. Nilijawa na fahari, machozi yananitoka, na nikafanya kile ambacho mtu wa Jerez anafanya akiguswa namna ile.

Nikasimama nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Aishi mama aliyekuzaa!"

Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Mwimbaji akikumaliza, humsifu yeye, unamsifu mama yake.

Na ukumbuke, mama aliyemzaa ndiye aliyenizaa mimi. Nilikuwa namshangilia mama yangu.

Melchor akanyamaza.

Mdomo uko wazi, mkono uko hewani, neno liko nusu. Mpiga gitaa akazunguka na mdundo mara moja, mara mbili, akimsubiri. Wapi. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama mimi. Hakuna aliyeshangilia kwa olé. Hakuna aliyetikisa hata glasi.

Nikadhani wananishangaa kwa sauti kubwa.

Visi akanivuta koti kwa nguvu nikakaa. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Wewe mwanaume huna adabu?" akaniambia kwa kunong'ona, lakini kunong'ona kwa kisu. "Unamkejeli mfiwa?"

"Mfiwa gani?"

"Huyo! Mama yake kafa hana hata wiki nne. Flamenko yote inajua. Ndiyo maana ndugu zako wamesusa, kwa sababu anaimba na mama yake bado mbichi kaburini. Hata kama hukubaliani naye, ndiyo umpigie kelele za hivyo? Aishi! Aishi nani?"

Nilimsikia kila neno.

Nikasema, "Hapana." Nikasema tena, "Hapana, mama, amevaa shati jeupe." Nilikuwa namweleza Visi kwa utaratibu, kama yeye ndiye hajaelewa. "Kavaa jeupe. Anaimba. Melchor haimbi kwenye msiba, mimi namjua, mimi ni mdogo wake."

Visi akaniachia koti. Akaweka mkono mdomoni.

"Ee Bikira Maria," akasema. "Kumbe ni mama yako pia."

Kule jukwaani Melchor alikuwa amesimama. Amekinga jua kwa kiganja, anatazama nyuma ya ukumbi.

"Isidro?" akaita.

Nikashika ukingo wa meza.

"Isidro, ni wewe? Hiyo sauti ni yako?"

Visi ndiye aliyepiga kelele, "Ndiye! Yuko hapa! Njooni mumshike, anaanguka!"

Walinipeleka chumba cha nyuma, kile cha wasanii kubadilishia nguo. Kuna kioo, ndoano za kutundika nguo, na kreti za bia tupu. Melchor akaingia, akafunga mlango. Tukatazamana. Nilitegemea anipige. Ningeshukuru sana kama angenipiga.

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaweka paji lake kwenye paji langu, akakaa hivyo.

"Lini?" nikauliza.

"Tarehe ishirini na sita, mwezi uliopita. Maini. Hakuumwa sana, alichoka tu."

"Mbona unaimba?" Nilikuwa nalia kwa hasira, sijui hasira ya nini. "Mbona unaimba wewe? Mimi ningejua! Kama ungekaa kimya kama mtu mwenye adabu ningeliona bango halipo, ningejua! Nyuzi zangu ulikata za nini, Melchor? Ulizikata za nini kama ungekuja kuvaa jeupe mama hajaoza?"

Akaniacha niseme yote. Akaketi juu ya kreti.

"Ni yeye aliniamuru," akasema.

"Nani?"

"Mama. Siku mbili kabla. Aliniapisha, mkono wangu juu ya picha ya baba. Akaniambia, Melchor, nikifa usivae nyeusi. Usikae kimya. Imba. Kila wanakokuita nenda, hata wakikuita kwenye zizi la mbuzi, mpaka umpate mwenzio. Nikamwambia, mama, watu watanitemea mate. Akasema, basi beba leso."

Akacheka kidogo.

"Akasema, Isidro simu hapokei, lakini hawezi kupita mlango unaoimba wewe ndani. Nimewazaa, nawajua."

Nikakaa chini sakafuni.

"Hapa ni mji wa tano," Melchor akaendelea. "Nimeanza Linares siku ya saba baada ya kumzika. Mjomba Bastián hanisalimii. Mke wangu sokoni wanamgeuzia mgongo. Watoto wanaambiwa baba yao anacheza juu ya kaburi. Sababu sikumwambia mtu, lawama zisije zikakurudia wewe. Tarehe sita mwezi ujao nilikuwa naenda Zaragoza. Nilisema nisipokupata huko, sijui tena wapi."

Yale niliyotendewa mimi, kaka yangu alikuwa anatendewa kwa ajili yangu. Kwa kosa lile lile. Na yeye hakuwa amefurahi hata dakika moja.

Nikauliza swali ambalo nililibeba miaka kumi na moja.

"Alinisamehe?"

Melchor akakuna ndevu.

"Hilo hakulisema."

Nikainamisha kichwa.

"Alisema nikikupata nikuulize wewe kama umemsamehe yeye. Alisema lile swali alilokuuliza jikoni halikuwa swali la mama kumuuliza mtoto. Mtu akipiga gitaa vizuri atafurahi, sasa afanyeje?" Akanitazama. "Kwa hiyo nakuuliza. Umemsamehe?"

"Sikuwa na kinyongo naye, Melchor. Nilikuwa nasubiri anipigie tu. Basi. Angenipigia mara moja tu ningekuja mbio."

Kaka yangu akasogeza kreti karibu yangu.

"Alikupigia," akasema.

"Wewe ndiye ulipiga. Mwishoni mwa mwezi wa kumi."

"Mimi? Mimi sijakupigia hata siku moja, sikuwa na uso huo. Namba alimwomba binamu yetu wa Zaragoza, yule muuza mazulia, naye hakujua unakolala. Alipiga yeye mwenyewe, kwa kidole chake, kitandani. Nilitaka nimshikie simu akakataa. Nikamwambia basi tumwandikie ujumbe, akasema habari ya namna hii haiandikwi, inasemwa. Alipiga mara sita. Ya saba ikawa inakata yenyewe. Akasema labda mtandao wa Zaragoza ni mbovu. Akasema usimlaumu mtoto, ni mtandao."

Ningeweza kunyamaza hapo. Hakuna ambaye angejua. Mama alishanitetea, kesi ilishafungwa, mtandao ndio mbaya.

Lakini kaka yangu alikuwa ametemewa mate miji mitano.

"Haukuwa mtandao," nikamwambia. "Niliona zote sita. Halafu nikaizuia namba."

Melchor akaweka mikono magotini. Akainuka. Akafungua begi lake lililotundikwa kwenye ndoano, akatoa shati jeusi lililokunjwa vizuri. Akavua lile jeupe, akavaa jeusi, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Kifungo cha mwisho nilimfunga mimi.

"Leo ndiyo mama amekufa," akasema. "Nilikuwa nasubiri nikupate ili nianze msiba."

Halafu akanishika kola.

"Na hilo la simu, Isidro, nimelisikia mimi, basi. Usije ukamwambia mtu mwingine maisha yako yote. Wataanza kukuhesabia makosa. Mama aliona ni mtandao, ibaki mtandao."

Akatoka ukumbini. Nilimsikia akiwaambia watu, "Mabwana na mabibi, sehemu ya pili haipo. Mimi ni mfiwa. Mtanisamehe." Nikasikia viti vinasukumwa, watu wanasimama, hakuna aliyepiga makofi. Visi akaja na koti langu, akanivalisha kama mtoto, hereni zake ameshazivua.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekuua kwa mdomo wangu."

"Hapana mama," nikamwambia. "Umenipa habari kwa mdomo. Ndivyo kwetu zinavyotakiwa kuletwa."

Vigae nilimwachia dereva mwenzangu niliyemkuta pale kwenye maegesho. Tukaenda Jerez kwa gari la Melchor, redio imezimwa. Mtaani kwetu Mjomba Bastián alikuwa amekaa nje ya baa na wazee wenzake. Alipomwona Melchor akageuza kiti. Nikamfuata, nikasimama mbele yake.

"Mjomba, alikuwa ananitafuta mimi. Mama ndiye alimtuma. Ukitaka kutema mate, tema huku."

Mzee alinitazama kutoka juu mpaka chini. Akainuka kwa tabu, akanipita mimi bila neno, akaenda kumkumbatia Melchor. Mimi hajanisalimia mpaka leo. Sawa tu. Nimestahili.

Mwaka wa msiba bado haujaisha. Kwetu televisheni imefunikwa, naye Melchor haimbi.

Kaka alinikataza kusema habari ya ile namba, na mtaani sijasema. Nawaambia ninyi kwa sababu hamnijui, na kwa sababu peke yangu imenishinda kuibeba.

Nilikuwa najifanya naijua familia yangu sana. Nikasoma bango, nikasoma shati, nikapiga hesabu zangu na zote zikatoka sahihi, na mama alikuwa kaburini. Kujua mila za kwenu si sawa na kuuliza hali za kwenu.

Simu ya nyumbani ikiita, pokea. Kama ni matusi, tukanwa, utapona. Na kama kuna namba umeizuia kwa hasira au kwa woga, ifungue leo, upige wewe.

Mimi ile namba niliifungua usiku ule ule tulipofika Jerez. Nikaipiga. Ikaita chumbani kwa mama, kando ya kitanda chake, mpaka ikakata.